UZI: Kanga kama mradi binafsi wa mbunifu wa grafiki, kuanzia hesabu ya pindo hadi skrini

Mchorapindo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Potifolio (mkusanyo wa kazi za kuonyesha) ya kijana anayejitegemea kwenye grafiki mara nyingi imejaa vipeperushi vya semina, nembo za saluni, kadi za harusi na matangazo ya mitandaoni. Kazi hizo zinalipa kodi, ila kila moja imeamuliwa nusu na mteja. Mtu anayetaka kukupa kazi kubwa anatafuta kuona unaamua nini ukiachwa peke yako, na hapo ndipo mradi binafsi unapohitajika. Pendekezo langu ni kanga, kwa sababu inakuja na masharti yake: pindo pande zote nne, mji katikati, jina juu ya pindo la chini, rangi mbili hadi nne, na doti yenye vipande viwili vinavyofanana. Hakuna nafasi ya vivuli laini wala picha za kupakua. Na ukiichapa kwenye kitambaa halisi kwa skrini, yaani fremu yenye wavu unaopitisha wino penye picha tu, faili mbovu itajionyesha yenyewe.

Hesabu kwanza, maana wengi huanza na maua halafu wanakwama kwenye kona. Chukua kanga ya sm 150 kwa 110. Pindo lipe upana wa sm 15, hivyo kila kona ni mraba wa sm 15. Ukitoa kona, upande mrefu unabaki na sm 120 na upande mfupi sm 80. Sasa tafuta kipimo kinachogawa vyote viwili bila kubakiza. 20 inagawa: vipande 6 juu na chini, vipande 4 kulia na kushoto. Chora kipande kimoja cha sm 20 kwa 15, chora kona moja, na pindo zima limekwisha. Ukianza na ua la sm 18 kwa sababu limependeza kwenye kioo, upande mrefu utaingiza vipande 6 na mabaki ya sm 12, na utaishia kukata ua katikati au kulivuta lijae. Msimamo wangu ni kwamba ua lifuate hesabu.

Kona isiwe kipande cha kawaida kilichogeuzwa. Ichore peke yake, lakini mistari inayoingia kutoka kila upande ikutane nayo kwenye urefu uleule. Weka mistari ya mwongozo miwili, kwa mfano sm 2 na sm 13 kutoka ukingo wa nje, na kila mstari wa pindo upite hapo kwenye kipande na kwenye kona pia.

Mji unabaki sm 120 kwa 80. Ukichora mraba wa sm 40, unaingia mara 3 kwa 2.

Fanya kazi kwa vekta (michoro ya mistari inayokuzwa bila kuharibika) na kwa vipimo halisi, uwe unatumia Illustrator au Inkscape. Ukichora kwa udogo halafu ukaukuza, unene wa mistari utakuchanganya: kuna programu zinazokuza mstari pamoja na umbo na nyingine haziukuzi, inategemea mpangilio uliouwasha.

Wajuzi wa skrini na wa herufi, karibuni mwongeze.

FundiNyavu

Mleta uzi umeanza vizuri. Mimi nachukua upande wa skrini.

Kanga nzima kwa skrini moja inataka fremu kubwa kuliko kanga yenyewe na watu wawili wa kuvuta, kwa hiyo nyumbani chapa kwa vipande. Unganisha vipande viwili vya pindo upate picha ya sm 40 kwa 15. Upande mrefu utagonga mara 3, mfupi mara 2, jumla 10 kwa kila rangi, kisha kona 4 kwa skrini yake. Fremu ya pindo iwe na ndani sm 60 kwa 40. Hapo unapata sm 10 kila mwisho kwa ajili ya kuweka wino na zaidi ya sm 12 kila ubavu. Ukibana nafasi hiyo, wavu unakuwa mgumu karibu na mbao na kingo za picha zinatoka hafifu. Skwiji (ubao wenye mpira wa kuvutia wino) iwe na upana wa sm 19, yaani sm 2 zaidi ya picha kila upande.

Wavu: kwa pamba na wino wa maji, nyuzi 43 kwa sentimita zinatosha kwa maumbo mazito. Mchoro wenye mistari myembamba nenda 77. Kwa nyuzi 43, mstari usipungue mm 1, na nafasi nyeupe kati ya mistari miwili isipungue mm 1.5, kwa sababu wino unatambaa kwenye pamba na nafasi ndogo inajifunga. Wabunifu wengi hupima mstari na kusahau nafasi.

Kosa linaloharibu kanga nyingi za nyumbani ni kugonga kipande cha pili kando ya cha kwanza kabla hakijakauka. Fremu inalala juu ya wino mbichi, inauchukua, na inauacha mahali pengine. Upande mrefu gonga cha 1 na cha 3, subiri vikauke kwa kugusa, kisha cha 2. Upande mfupi gonga kimoja, hamia upande wa pili, rudi baadaye.

kijana_wa_Tanga

Asanteni sana wakuu. Swali: kwa nini nisipeleke faili kwenye sublimesheni tu? Mjini mashine zimejaa, na rangi unaweka unavyotaka.

FundiNyavu

Sublimesheni inashika kwenye poliesta. Rangi inageuka mvuke na kuingia ndani ya uzi wa poliesta. Pamba haiipokei, na ukilazimisha inatoka hafifu kisha inaondoka kwenye maji. Kwa hiyo utapata kanga ya poliesta, inayoteleza na isiyonyonya jasho. Kwa sampuli ya kupiga picha itafaa. Kuivaa kwenye joto la pwani ni adhabu.

Uhamishaji wa filamu unaoitwa DTF unashika kwenye pamba, lakini unaacha ngozi ya plastiki juu ya kitambaa. Kwenye fulana yenye nembo ndogo haisumbui. Kanga yenye pindo lote namna hiyo haianguki mwilini, inasimama.

LesoYaMvita

Hamjambo nyote. Huku Mombasa twasema leso, na naomba kuongeza mambo mawili kwa huyu kijana.

La kwanza ni kutazama kazi za waliotangulia kabla hajachora. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi vikiwa bado havijakatwa, wakashona sita pamoja, vitatu kwa viwili, wakapata vazi. Muundo wa pindo na mji uliotulia baadaye umetokana na mazoea hayo ya kupanga miraba. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza Mombasa 1887, huchapa alama yake ukingoni, K.H.E. na maneno «Mali ya Abdulla». Nenda Biashara Street hapa Mombasa, au Mtaa wa Uhuru kule Dar, ukunjue leso kumi juu ya meza ya muuzaji, upime kwa futi upana wa pindo, umbali wa jina kutoka pindo la chini, na idadi ya rangi. British Museum pia ina mkusanyiko wa kanga na picha zake zinaonekana mtandaoni, japo picha haikuonyeshi wino ulivyotambaa.

La pili ni kutonakili. Umbo la korosho, nukta, mistari ya kisutu, hayo ni ya wote. Mchoro mzima wa kampuni iliyo sokoni una mwenyewe. Ukiuchora upya kwa vekta na kuuweka kwenye potifolio kama wako, umeiba, hata kama umebadilisha rangi. Kazi yako ikishakamilika, Kenya waweza kusajili umbo la viwandani KIPI (taasisi ya mali viwandani) na hakimiliki KECOBO (bodi ya hakimiliki). Tanzania hakimiliki ni COSOTA (ofisi ya hakimiliki).

Mchorapindo

Shukrani dada. Hilo la kupima kwa futi nalitilia mkazo, na ukishapima rudi na karatasi uchore vipimo tu, bila maua: mistatili mitatu, pindo, mji na jina. Ukilinganisha michoro kumi ya namna hiyo utaona uwiano unaojirudia, na wa kwako utaupanga ukijua unafuata nini na unaacha nini.

HerufiNzito

Mimi ni wa herufi, na jina la kanga ndipo wabunifu wa kompyuta wanapoharibu zaidi.

Kosa la kwanza ni kuvuta. Sanduku la jina lina sm 60, msemo ni AKIBA HAIOZI, herufi 12 pamoja na nafasi, basi mtu anashika kona na kuivuta hadi ijae. Nguzo za wima zinakuwa nene, mistari ya kulala inabaki myembamba, na A inakuwa hema. Msemo mfupi upunguzie sanduku, au jaza pande mbili kwa pambo dogo. Msemo mrefu utafutie fonti iliyobanwa tangu ilipochorwa.

Hesabu ni hii: HARAKA HARAKA HAINA BARAKA ina nafasi 26. Sm 60 kwa 26 ni kama sm 2.3 kwa kila herufi. Fonti nzito ya kawaida yenye herufi kubwa za kimo cha sm 3 inaingia vizuri na kuacha pumzi pembeni. Sanduku lipe kimo cha sm 6, ili juu na chini ibaki sm 1.5. Chini ya hapo, fremu ya sanduku na herufi zitaonekana zimegusana ukiwa hatua tano mbali, na kanga inasomwa kwa mbali, tena mtu akiwa anatembea.

Kosa la pili ni nafasi kati ya herufi. Kiswahili kwa herufi kubwa kimejaa A zinazokaa kando ya K, W, Y na T: KA, WA, YA, TA, VYA. Fonti nyingi zimesawazishwa vizuri kwenye AV na To, lakini KA na RA zimeachwa na mwanya. Ukubwa wa sm 3 hausamehe. Pitia jozi moja moja kwa mkono: geuza maandishi juu chini, fumba macho nusu, tafuta tundu jeupe. Neno HARAKA linatoa mfano mzuri: R na A zinashikana miguuni, huku K na A zikiachana kiunoni. Panua RA kidogo, kaza KA, mpaka weupe ulingane.

Tena kuna ng'. Ukiandika NG'OMBE kwa herufi kubwa, alama ya juu inaacha shimo kati ya G na O. Tumia alama iliyopinda, isiyo ya kupimia futi, kisha ikaze kwa G na uisogeze O karibu. Isishushwe ikafanana na mkato wa kawaida.

Fonti angalia leseni. Zenye Leseni Huria ya SIL unaweza kuzitumia kwenye bidhaa ya kuuza. Fonti iliyoandikwa kwa matumizi binafsi inakufaa kwenye sampuli tu. Siku mtu akitaka doti hamsini utakwama.

LesoYaMvita

HerufiNzito, leso za zamani jina liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kijana akitaka kurudisha hilo, afanyeje? Nimeona kazi nyingi mitandaoni ambapo herufi zimekatikakatika na zimeanza kushoto, na msomaji wa kweli hawezi kuzisoma.

HerufiNzito

Hilo linatokea programu inapochukua kila herufi kwa umbo lake la peke yake. Kwenye Illustrator na Photoshop washa chaguo la lugha za Mashariki ya Kati kwenye mipangilio ya maandishi, kisha weka mwelekeo wa aya kulia kwenda kushoto. Inkscape inaunganisha yenyewe, mradi fonti iwe na herufi hizo. Scheherazade New na Amiri zote ni huria na zina پ، چ na ڤ zinazohitajika kwa p, ch na v za Kiswahili. Fonti nyingi za mapambo hazina hizo, na programu itaazima herufi kutoka fonti nyingine bila kukuambia. Utaona چ moja imenenepa kuliko jirani zake.

Jambo la kuwa makini nalo zaidi ni pale unapogeuza maandishi kuwa maumbo. Herufi za Kiarabu zinalaliana kwenye viungo. Ukiyapanua maumbo hayo kabla ya kuyaunganisha, kila kiungo kinatoka na mshono, na kwenye filamu (karatasi angavu yenye picha nyeusi, ya kuhamishia picha kwenye skrini kwa mwanga) mshono huo ni mstari mweupe au uvimbe. Unganisha neno lote liwe umbo moja kwanza, halafu panua.

Na mpe msomaji wa hati hiyo aisome kabla hujachoma skrini. Nukta moja ikihama kutoka chini kwenda juu, ب ya mwanzoni au katikati ya neno inakuwa ن.

Mchorapindo

Kupanua kumetajwa, basi tueleze kutenganisha rangi.

Tuseme kanga ni nyeupe, nyekundu na nyeusi, kama kisutu. Nyeupe ni kitambaa. Nyekundu inachapwa kwanza, nyeusi mwisho, kwa kuwa nyeusi inafunika. Pale nyekundu inapokutana na nyeusi, usiziache zikomee mstari mmoja. Kitambaa kinasogea na utapata uzi mweupe katikati. Ipanue nyekundu iingie chini ya nyeusi kwa mm 1. Viwanda vinaweza kwenda chini ya hapo, nyumbani usijaribu. Illustrator ina amri ya Offset Path, na Inkscape ina ya kupanua umbo kwenye menyu ya Path. Panua ile nyepesi tu. Ukipanua nyeusi, mistari yako yote inanenepa.

Kila rangi itoke kama ukurasa wake, yote nyeusi asilimia 100, bila kijivu. Weka alama za msalaba pande nne, nje ya picha lakini ndani ya filamu, mahali palepale kwa rangi zote. Andika jina la rangi pembeni. Filamu zinazofanana zikichanganyika mezani ni rahisi kuchoma nyekundu mara mbili.

Mipaka kati ya kipande na kipande ipite kwenye nafasi tupu. Pindo lenye utepe mzito unaokwenda moja kwa moja litaonyesha mstari wa giza kila sm 40, pale wino ulipolaliana. Kama utepe ni lazima, maliza kipande kwa ukingo wa meno unaoingiliana na ukingo wa kipande kinachofuata. Jicho halifuati mshono uliopinda.

Sanduku la jina liko ndani ya mji, kwa hiyo lifunike kwa karatasi iliyokatwa kwa ukubwa wake wakati unachapa mji, kisha chapa jina kwa skrini yake. Hivyo unaweza kubadilisha jina bila kugusa skrini nyingine.

kijana_wa_Tanga

Filamu za wino ni ghali. Naweza kutoa kwenye karatasi ya tracing kwa printa ya leza?

FundiNyavu

Unaweza, ukijua tabia yake. Joto la leza linakausha karatasi na kuisinyaza, tena haisinyai sawa urefu na upana. Rangi moja haina shida. Rangi tatu zikitolewa siku tofauti au kwa mwelekeo tofauti, misalaba haitakutana. Toa zote kwa mkupuo mmoja, mwelekeo mmoja, karatasi za pakiti moja, na kama inawezekana zipitishe kwanza kwenye printa zikiwa tupu ili zisinyae kabla. Weusi wa leza pia una matundu: ishike juu ya taa, ukiona mwanga, toa nakala mbili uzibandike moja juu ya nyingine.

Emulsheni. Ni dawa ya kupaka kwenye wavu inayogandishwa na mwanga, penye picha pakibaki wazi. Kwa wino wa maji chukua inayostahimili maji. Ile ya wino wa mafuta italainika na kuanza kutoka vipande katikati ya kazi. Paka mkono mmoja kila upande, laza fremu upande wa kuchapia ukiangalia chini, kwenye chumba cha giza.

Na hapa pwani inatutesa. Emulsheni ya diazo inahitaji kukauka kabisa kabla ya mwanga, unyevu wa hewa ukiwa chini ya asilimia 50. Tanga, Dar, Unguja, Mombasa, hewa iko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Ukigusa juu utaona pakavu, kumbe ndani kuna maji, na emulsheni yenye maji haigandi hata ukiiongezea muda. Dalili yake: ukiosha, utelezi unatoka upande wa skwiji na kingo za picha zinamomonyoka. Wengi hudhani jua halikutosha. Feni peke yake inazungusha unyevu uleule. Kaushia kwenye chumba chenye kiyoyozi usiku kucha, au kabati dogo lenye kikausha hewa.

Muda wa jua usinakili wa mtu. Chukua kipande cha skrini, kifunike kwa kadibodi, fungua sm 3 kila sekunde 20, osha, angalia ni hatua ipi imeshika mistari myembamba bila kuiziba. Fanya saa ileile utakayochoma skrini yenyewe, kwa kuwa jua la saa nne na la saa saba si moja. Juu ya filamu weka kioo kizito, chini ya wavu sponji yenye kitambaa cheusi. Filamu isipolala bapa, mwanga unapenya chini yake na mistari inapotea. Baada ya kuosha na kukausha, rudisha skrini juani dakika 10 au zaidi ili igande kabisa.

Binda_na_Rangi

Wakuu, wino haujaguswa.

Wino wa maji unachanganya mwenyewe: binda (kishikio) na pigmenti (rangi yenyewe). Gramu 30 hadi 50 za pigmenti kwa kilo 1 ya binda. Nyeusi na nyekundu zinavuta watu waongeze hadi rangi ikolee kwenye ndoo, na hapo ndipo kanga inaanza kuchafua mkono. Binda ndiyo inayoshika pigmenti kwenye uzi; pigmenti ikizidi, ya ziada inakaa juu bila kushikwa na inatoka kwa kusuguliwa, hata ikiwa kavu. Rangi ikikosa kina, tafuta pigmenti bora.

Kwa doti moja changanya gramu 300 kwa kila rangi. Sehemu kubwa itabaki kwenye skrini na kwenye skwiji, ila ukiishiwa katikati, mchanganyiko wa pili hautafanana na wa kwanza. Andika uzito wa kila kitu kwa mizani ya jikoni yenye gramu, na bandika kando kipande cha kitambaa kilichokauka, kwa kuwa wino mbichi ni mweusi kuliko mkavu.

Kitambaa kifue kwa maji ya moto na sabuni kabla ya yote. Kipya kina wanga, na wino unakaa juu ya wanga. Pia kinasinyaa. Na hapa mleta uzi naomba turekebishe vipimo vyako: kitambaa cha inchi 45 ni sm 114, kikisinyaa asilimia 5 kinabaki kama sm 108. Kanga yako ya sm 110 haitaingia.

Mchorapindo

Umesema kweli mkuu. Njia ni mbili. Ya kwanza, nunua upana wa inchi 60 na ukate pembeni, inapotea pamba nyingi. Ya pili, badilisha kipande kutoka sm 20 kuwa 19. Pindo libaki sm 15: 19 mara 6 jumlisha 30 ni 144, na 19 mara 4 jumlisha 30 ni 106. Kanga ya 144 kwa 106 inaingia kwenye 108 na kuacha sm 1 kila upande. Picha ya skrini inakuwa sm 38, mraba wa mji nao sm 38. Anayeanza atumie hii.

Binda_na_Rangi

Hapo sawa. Kwa doti kata mita 3 na robo kabla ya kufua.

Meza: ubao wa sm 170 kwa 130, mablanketi mawili yaliyovutwa vizuri, juu plastiki nene. Kitambaa kibandike kwa gundi ya mezani au kibane kwa pini kila sm 10 kikiwa kimenyooka kwa uzi. Ubavuni funga chuma cha pembe, chenye vizuizi vya bolti kila sm 38, na kwenye fremu weka skrubu mbili zinazogusa chuma na moja inayogusa kizuizi. Rangi zote zitumie vizuizi vilevile. Ukitegemea chaki na macho, rangi ya tatu itakuwa imehama.

Wino unakauka kwenye wavu upepo ukipita. Kila baada ya kuvuta, rudisha wino ufunike picha bila kukandamiza, na usiache skrini wazi ukaenda kujibu simu. Ukianza kuona nukta zimeziba, futa mara moja kwa sponji yenye maji upande wa chini. Zikikauka kabisa maji hayazitoi.

Kuivisha, yaani kugandisha wino kwenye kitambaa kwa joto: nyuzijoto 150 hadi 160 kwa dakika 4 hadi 5. Mashine ya kupiga joto inafaa, kipande kwa kipande, ukiweka karatasi ya kuoka juu. Kwa pasi, iweke kwenye pamba bila mvuke na ukae dakika kadhaa kila eneo ukisogeza taratibu. Jua la mchana halifikii joto hilo. Linakausha tu.

kijana_wa_Tanga

Wakuu, bajeti ya meza na fremu nne sina kwa sasa. Kuna namna ya kuanza kwa karatasi?

HerufiNzito

Ipo, na ni nzuri. Kanga ya 150 kwa 110 ukiigawa kwa 4 inakuwa sm 37.5 kwa 27.5, inakaa ndani ya A3. Chapa bango la rangi mbili, skrini moja kwa kila rangi, wavu wa nyuzi 90 hadi 120, wino wa maji wa karatasi. Karatasi iwe gramu 250 au zaidi. Nyepesi inajikunja wino ukikauka na rangi ya pili haikai mahali pake. Usipunguze faili ya kitambaa hivihivi, kwa sababu mstari wa mm 1 unakuwa robo ya milimita. Nenepesha upya. Sanduku la jina litabaki na herufi za mm 7.5, kwa hiyo nafasi za herufi zilegeze kidogo kuliko kwenye kitambaa.

LesoYaMvita

Na kwenye potifolio, weka picha ya kitambaa chenyewe badala ya kanga ya kubandikwa kwenye picha ya mtu. Itundike kivulini asubuhi, nje, iliyonyooka, kamera ikiwa usawa wa katikati. Picha moja ya kanga nzima, moja ya kona kwa karibu hadi nyuzi zionekane, moja ya jina, na moja ya filamu za rangi zikiwa kando kwa kando. Ya kona ndiyo atakayoitazama zaidi mtu anayejua.

FundiNyavu

Kijana akifika mahali kiwanda kinataka kuichapa, aulize kipimo cha marudio kabla ya kutuma faili. Silinda za kawaida za viwanda vya vitambaa hurudia kila sm 64, na kanga nzima haiingii humo. Inataka skrini bapa au silinda kubwa zaidi. Awatumie kipande, kona, mji na jina vikiwa tabaka tofauti, pamoja na mchoro wa mpangilio, ili wapange wenyewe kwa mashine yao.

Binda_na_Rangi

Kabla ya kuuza au kugawa hata moja, fanya jaribio la kufua. Acha saa 24 baada ya kuivisha. Kata mabaki yaliyochapwa rangi zote, shona nusu yake na kitambaa cheupe kikavu, fua kwa sabuni ya kawaida mara tano, kausha, kisha linganisha na nusu uliyoiacha. Kitambaa cheupe kikichukua rangi, joto halikutosha: rudia kuivisha kwenye mabaki mengine kwa dakika mbili zaidi. Kisha sugua kavu kwa kitambaa cheupe mara ishirini. Ikichafua kwenye kusugua peke yake, pigmenti imezidi, na hiyo haiponi kwa joto. Changanya upya kwa gramu 30.